Dawa Ikishaingia Mwilini Hukaa Muda Gani?



Wiki iliyopita nilialikwa katika darasa la kisomo cha watu wazima hapa kijijini kwetu. Niliombwa nizungumze juu ya matumizi ya dawa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mambo mengi. Kabla sijamaliza hata jambo la kwanza, mzee mmoja alinyanyua mkono. Akauliza, "Mwanangu daktari, dawa nikishaimeza inakwenda wapi? Na kama imo mwilini, kwa nini unaniambia nimeze nyingine kesho?"

Mimi si daktari. Ni mganga msaidizi wa zahanati, mwenye cheti. Lakini vijijini kila avaaye koti jeupe huitwa daktari, nami nimechoka kukataa. Swali la mzee lilikuwa zuri kuliko yote niliyokuwa nimeyaandika katika karatasi yangu. Basi tuliacha mengine tukashughulika nalo mpaka giza likaingia. Leo nataka nikueleze na wewe.

SAFARI YA DAWA

Ukimeza kidonge kinashuka tumboni. Humo kinayeyuka. Kisha dawa hupenya katika kuta za utumbo na kuingia katika damu. Damu huzunguka mwili mzima, na dawa huzunguka nayo. Inafika kichwani, miguuni, kwenye mapafu na kwenye kidonda. Dawa haijui ugonjwa uko wapi. Inakwenda kote, na ikifika penye ugonjwa inafanya kazi yake.

Lakini kwa mwili, dawa ni mgeni. Tangu siku ile ile inapoingia, mwili unaanza kuitoa. Kazi hiyo hufanywa hasa na ini na figo. Ini huivunjavunja dawa na kuibadili. Figo huchuja damu na kuitoa dawa katika mkojo. Kwa hiyo jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: dawa nyingi unazomeza mwishowe huziacha chooni.

Watu darasani walicheka. Nikawasimulia habari ya kweli. Mwaka 1941, katika mji wa Oxford nchini Uingereza, kulikuwa na askari polisi aitwaye Albert Alexander. Alikuwa na vidonda vilivyooza vibaya, na vijidudu vilikuwa vimeenea mwilini. Madaktari walimchoma sindano za penisilini. Wakati huo penisilini ilikuwa dawa mpya kabisa, na iliyokuwapo duniani ilikuwa kidogo sana. Mgonjwa akaanza kupata nafuu. Lakini penisilini hutoka mwilini upesi mno. Madaktari wakawa wanakusanya mkojo wake, wanaisafisha dawa iliyomo, na kumchoma tena dawa ile ile. Hata hivyo dawa iliwaishia kabla ugonjwa haujaisha. Vijidudu vilivyobaki vikaongezeka tena, na askari yule akafariki mwezi wa Machi mwaka huo.

Baada ya habari hiyo hakuna aliyecheka. Mzee akasema, "Kumbe dawa inaweza kumponya mtu na kumwacha njiani." Ndivyo ilivyo.

TUHESABU KWA PUNJE ZA MAHINDI

Sasa chukua punje 64 za mahindi. Usisome tu, zichukue. Zipange mezani au juu ya mkeka. Tuseme punje hizi ni dawa iliyomo katika damu yako.

Ondoa nusu. Zimebaki 32. Ondoa nusu tena. Zimebaki 16. Endelea hivyo hivyo: 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1.

Hivi ndivyo dawa nyingi zinavyotoka mwilini. Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu. Muda huo ukipita, nusu ya dawa imetoka. Ukipita tena muda kama ule ule, inatoka nusu ya ile iliyobaki. Wataalamu huuita muda huu nusu-uhai wa dawa. Sisi darasani tuliuita "muda wa nusu", na hapa nitatumia jina hilo.

Angalia punje zako vizuri. Mara ya kwanza uliondoa punje 32. Mara ya mwisho uliondoa 1 tu. Kwa nini isiwe kiasi kile kile kila mara? Mama mmoja aliuliza hivyo. Jibu ni kwamba figo haihesabu dawa. Figo inachuja damu. Damu ikiwa na dawa nyingi, dawa nyingi inatoka. Damu ikiwa na dawa kidogo, inatoka kidogo. Koroga chumvi katika ndoo ya maji, umwage nusu, ujaze maji yasiyo na chumvi, kisha uonje. Mwaga nusu tena, ujaze, uonje. Kila mara chumvi inapungua nusu, ingawa wewe unamwaga maji kiasi kile kile.

(Pombe haifuati hesabu hii. Ini huondoa pombe kwa kiasi karibu kile kile kila saa, hata mtu awe amekunywa vibuyu vingapi. Ndiyo sababu mtu aliyelewa sana usiku anaweza kuamka asubuhi akiwa bado amelewa, akapanda baiskeli na kuingia mtaroni.)

Dawa hazifanani katika muda wa nusu. Amoksisilini, ile ya vijidudu vya kifuani na vidonda, muda wake ni kama saa moja tu. Parasetamoli ni saa 2 hadi 3. Klorokwini, ambayo wakubwa wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa kuwasha ngozi, muda wake ni mwezi mmoja au zaidi. Ndugu, fikiri tofauti hiyo: saa moja na mwezi mmoja. Vyote viwili ni vidonge, na vyote viwili humezwa kwa maji.

"KUTWA MARA TATU"

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi alikuja mtu mmoja mwenye kichomi. Nilimpa amoksisilini. Katika bahasha niliandika 2 × 3, nikamwambia kwa mdomo, "Vidonge viwili, kutwa mara tatu." Akashukuru akaenda.

Siku ya tatu akarudi. Homa ilikuwa bado ipo na kifua kilimbana. Nikataka kumbadilishia dawa. Mganga mwenzangu, ambaye ni mtu mzima na amefanya kazi miaka mingi, akamwuliza swali ambalo mimi sikuliuliza. "Unameza saa ngapi?"

"Saa 1 asubuhi kabla ya kwenda shamba. Saa 7 mchana nikirudi. Halafu saa 12 jioni."

"Na usiku?"

"Aliniambia kutwa," yule bwana akasema, akinielekezea kidole. "Kutwa ni kutwa. Usiku si kutwa."

Alikuwa na haki. Kiswahili changu ndicho kilichokosa. Sasa tuhesabu. Kutoka saa 12 jioni hadi saa 1 asubuhi ni saa 13. Muda wa nusu wa amoksisilini ni kama saa moja. Punje zake 64 za jioni zilikuwa zimebaki 1 ilipofika saa 6 usiku. Kuanzia hapo hadi asubuhi, vijidudu vilikuwa na usiku mzima wa kuongezeka bila kusumbuliwa.

Tukampangia upya: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Kila baada ya saa 8. Alipata nafuu, akamaliza dawa, akapona. Sisemi kwamba saa peke yake ndizo zilizomponya. Pengine angepona hata hivyo, kwa kuchelewa. Lakini tangu siku ile siandiki tena 2 × 3 peke yake. Ninaandika saa. Asiyejua saa ninampangia kwa mambo anayoyajua: jogoo wa alfajiri, watoto wanapotoka shuleni, na wakati wa kwenda kulala.

Na wewe ukipewa dawa "mara tatu", uliza: kila baada ya saa ngapi? Usione haya. Mara nyingi mganga amesahau kusema.

DAWA YA MSETO

Huenda umewahi kupewa dawa ya mseto ya malaria. Inaitwa mseto kwa sababu katika kila kidonge mna dawa mbili, artemeta na lumefantrini. Nchini Tanzania klorokwini iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Dawa ya SP ikachukua nafasi yake. Hiyo nayo ikazoewa, na mwaka 2006 mseto ukaanza kutumika.

Watu huniuliza, kwa nini dawa mbili? Jibu liko katika muda wa nusu.

Artemeta ina nguvu na ina haraka. Inaua vimelea vingi sana katika siku ya kwanza. Lakini muda wake wa nusu ni kama saa 2. Hesabu kwa punje zako: 64 saa 12 asubuhi, 32 saa 2, 16 saa 4, 8 saa 6 mchana, 4 saa 8, 2 saa 10. Ikifika saa 12 jioni imebaki punje 1. Artemeta ni kama kijana anayekuja shambani asubuhi, analima kwa nguvu nyingi, kisha anatupa jembe na kuondoka.

Lumefantrini haina haraka. Muda wake wa nusu ni siku 3 hadi 6. Kazi yake ni kubaki baada ya mwenzake kuondoka, na kuua vimelea vilivyosalia. Lakini ili ibaki ya kutosha, lazima ijazwe kwanza. Inajazwa kwa dozi 6 katika siku 3. Mtu mzima anameza vidonge 4 kila dozi, jumla vidonge 24.

Saa zake ni hizi. Tuseme umeanza Jumatatu saa 4 asubuhi. Dozi ya pili ni baada ya saa 8, yaani Jumatatu saa 12 jioni. Kuanzia hapo ni asubuhi na usiku: Jumanne saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, Jumatano saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Umemaliza.

Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Maziwa yanafaa, karanga zinafaa, parachichi linafaa, na mboga iliyoungwa kwa karanga au nazi inafaa. Lumefantrini haiingii vizuri katika damu bila mafuta. Mtu anaweza kumeza vidonge vyote 24 kwa maji matupu na bado damu yake ikapata dawa pungufu.

Shida kubwa ninayoiona ni Jumanne. Jumanne asubuhi mgonjwa ameamka homa imeshuka, kichwa hakiumi, anataka uji. Anasema nimepona. Vidonge vilivyobaki anavifunga katika kipande cha nguo na kuviweka juu ya kabati, akiba ya mtoto akiugua.

Ndugu, aliyekuponya Jumanne ni yule kijana mwenye haraka. Ameua vimelea vingi, lakini si vyote. Katika damu ya mgonjwa wa malaria vimelea ni mamilioni kwa mamilioni, na kila baada ya saa 48 hivi, vilivyo hai hupasuka na kuzaa vingine vingi. Ukikomea hapo artemeta imekwisha kutoka, na lumefantrini uliyoiweka haizidi nusu ya ile iliyotakiwa. Vimelea vilivyosalia vinakutana na dawa dhaifu. Vile vinyonge vinakufa. Vile vigumu vinabaki, vinaongezeka, na mbu anavichukua na kuvipeleka kwa jirani yako. Baada ya wiki mbili au tatu homa inarudi, nawe unasema dawa za siku hizi ni mbovu.

Jambo hili si la kutishia watoto. Katika miaka ya karibuni wataalamu wamethibitisha katika mkoa wa Kagera, na katika nchi jirani za Rwanda na Uganda, vimelea ambavyo huchelewa kufa vikikutana na dawa za kundi la artemeta. Vimelea vikichelewa kufa, kazi inayoachiwa lumefantrini inakuwa kubwa zaidi, na anayekatiza dozi anaipunguzia nguvu wakati inapohitajiwa zaidi.

Ukitapika kabla ya saa moja kupita tangu ulipomeza, meza tena dozi hiyo. Kisha uje zahanati tukupe vidonge vya kufidia, ili dozi 6 zitimie.

KIJANA MWENYE KIFAFA

Mpaka hapa tumetoa punje tu. Sasa tuongeze. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Mama mmoja alimleta kijana wake wa miaka 19. Alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alikwisha kuanguka motoni, na mkono wake wa kushoto una makovu hadi kwenye kiwiko. Wenzake hawakumsogelea alipoanguka, wakiamini kwamba povu la mdomoni linaambukiza. Haliambukizi. Nimeshalipangusa kwa mikono yangu mara nyingi.

Tulimwanzishia fenobabitoni, mara moja kila usiku. Hii ni dawa ya zamani, ya bei ndogo, na imewasaidia watu wengi. Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na fenobabitoni ndiyo iliyotumika.

Siku ya sita mama akarudi peke yake. Vidonge alikuwa amevifunga katika pindo la kanga. "Daktari, dawa yako imeshindwa. Jana ameanguka tena. Baba yake anasema tumpeleke kwa mganga wa kienyeji."

Nilikuwa na watu thelathini mlangoni. Nikamjibu, "Endelea tu na dawa, mama." Akaitikia "Haya", akaondoka. Hakuendelea.

Ningekuwa na punje 64 mezani siku ile, ningemwambia hivi.

Mama, muda wa nusu wa fenobabitoni kwa mtu mzima ni kama siku 4. Inatoka polepole sana. Kwa sababu hiyo inajaa polepole pia. Tuseme vidonge vya siku 4 ni punje 64. Baada ya siku 4 nusu imetoka, zimebaki 32, nawe umeongeza 64. Jumla 96. Baada ya siku 4 nyingine, nusu ya 96 imetoka, zimebaki 48, umeongeza 64. Jumla 112. Kisha 120. Kisha 124. Kisha 126. Zinakaribia 128, wala hazipiti hapo.

Kwa nini hazipiti? Kwa sababu zikifika 128, nusu inayotoka ni 64, na unayoongeza ni 64. Kinachoingia kimelingana na kinachotoka. Ni kama mtungi unaovuja kadiri unavyojazwa. Kutoka mwanzo mpaka kufika hapo ni kama siku 20. Wiki tatu, mama. Mwanao alipoanguka siku ya tano, dawa ilikuwa bado haijafika hata theluthi mbili ya kiasi chake. Haijashindwa. Ilikuwa bado njiani.

Hayo sikuyasema. Kijana akaachishwa dawa. Na hapa muda wa nusu ukawadanganya watu mara ya pili. Alipoacha, hakuanguka siku ya kwanza, wala ya pili, wala ya tano. Baba yake akasema, mnaona, dawa ya hospitali ndiyo iliyokuwa ikimwangusha. Lakini baada ya siku 4 dawa yake ilikuwa nusu, na baada ya siku 8 ilikuwa robo. Siku ya tisa usiku alianguka mara nne mfululizo, bila kuzinduka katikati. Walimbeba kwa machela hadi barabarani, akapelekwa hospitali ya wilaya. Alipona, lakini nilipopata habari hiyo sikula chakula siku ile.

Fenobabitoni haiachwi ghafla. Mwili ukiizoea kisha ukainyang'anywa, kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi ya kwanza, na kuanguka mfululizo bila kuzinduka kunaua. Hata mtu akikaa mwaka mzima bila kuanguka, haachi mwenyewe. Anapunguziwa kidogo kidogo na mganga.

Aliporudi kutoka hospitali nilikwenda nyumbani kwao na punje mfukoni. Baba yake alizihesabu mwenyewe, mara mbili, maana hakuniamini. Alipofika 120 akanyamaza. Kisha akamwambia mkewe aende akalete vidonge. Ni miezi mitano sasa. Kijana ameanguka mara moja tu, katika wiki ya pili, na safari hii hakuna aliyeitupa dawa.

Mtu akisahau fenobabitoni usiku mmoja, asiogope. Katika usiku mmoja inatoka sehemu ndogo tu. Ameze usiku unaofuata kama kawaida. Asimeze mara mbili.

Na akina mama wanaotumia dawa hii wajue jambo moja zaidi. Fenobabitoni hulichochea ini lifanye kazi upesi. Vidonge vya uzazi wa mpango hutolewa mwilini haraka kuliko kawaida, navyo vinaweza kushindwa kazi. Mweleze mganga ili akupe njia nyingine.

Dawa za shinikizo la damu zina udanganyifu wa namna hii hii. Iko moja iitwayo amlodipini. Muda wake wa nusu ni siku moja na nusu hadi siku mbili, kwa hiyo hukamilika mwilini baada ya wiki hivi. Mzee anameza siku mbili, anapimwa, anaona hesabu haijashuka vya kutosha, anakata tamaa. Mwingine ameizoea, anaacha siku mbili, anaona yuko sawa, anasema sihitaji tena. Hiyo iliyokuwa ikimlinda siku hizo mbili ni dawa ya juzi.

MTOTO MCHANGA NA MTU MZEE

Muda wa nusu niliokutajia ni wa mtu mzima mwenye ini na figo zenye afya. Mtoto mchanga hana bado ini lililokomaa. Chukua mfano wa kahawa. Dawa iliyomo katika kahawa na chai, ile inayofukuza usingizi, muda wake wa nusu kwa mtu mzima ni kama saa 5. Kwa mtoto mchanga ni siku 3 au 4. Kijiko cha chai unachompa mtoto wa wiki moja kinakaa naye mpaka wiki iishe, na kesho unampa kingine. Mtoto wa miezi 6 ya kwanza ni wa maziwa ya mama tu.

Wazee nao figo huchoka. Dawa inayotolewa na figo hukaa muda mrefu zaidi kwao, na dozi ya kijana inaweza kujazana mpaka ikawa sumu. Kwa hiyo usimpe bibi vidonge vya mjukuu, wala mjukuu vidonge vya bibi, hata kama wote wanalalamika mgongo.

Parasetamoli nayo ni rafiki mwenye mpaka. Mtu mzima ni vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, na visizidi 8 katika usiku na mchana. Ukizidisha sana, ini linazidiwa, na muda wa nusu wenyewe unarefuka. Mtu huonekana mzima siku ya kwanza, kumbe ini linaharibika. Madukani imo katika vidonge vya majina mengi, vya mafua, vya mgongo na vya kichwa. Unaweza kumeza aina tatu ukidhani ni dawa tatu, kumbe ni parasetamoli ile ile mara tatu.

Wafugaji msinichukie kwa hili. Ng'ombe aliyechomwa sindano ya oksitetrasaiklini ana muda wake wa kutoa dawa kama sisi. Maziwa yake na nyama yake vina dawa mpaka muda huo upite. Siku za kusubiri zimeandikwa kwenye karatasi ya chupa. Zihesabu kabla ya kukamua kwa ajili ya watoto.

ZOEZI

Tulimaliza darasa kwa hesabu hii. Nawe ifanye pamoja na wenzako. Mwalimu wa kisomo alikunywa kikombe cha kahawa saa 12 jioni ili asisinzie darasani. Muda wa nusu ni saa 5. Je, nusu ya dawa ya kahawa itakuwa imebaki saa ngapi? Na robo itakuwa imebaki saa ngapi?

Jibu: nusu ni saa 5 usiku, na robo ni saa 10 alfajiri. Mwalimu alipoliona jibu ubaoni alisema sasa ameelewa kwa nini husikia jogoo wote wa kijiji.